Kichanga Akichoka Huonyesha Kabla ya Kulia: Maswali na Majibu Kuhusu Usingizi wa Mchana

Majibu haya yanamhusu mtoto tangu anapozaliwa hadi miezi mitatu. Ni ya mama, baba, bibi, dada wa kazi, na yeyote anayeachiwa mtoto mikononi.

Mtoto mchanga hulala saa ngapi kwa siku?

Kati ya saa 14 na 17 ndani ya saa 24, usiku na mchana kwa pamoja. Ndicho kiwango kilichotajwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwa watoto wa umri huu. Usingizi huo huja vipande vipande: kimoja dakika 20, kingine saa mbili na nusu, bila mpangilio. Saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana huanza kujipanga kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kabla ya hapo ratiba ya saa kwa saa itakuchosha bure. Mtazame mtoto mwenyewe.

Dalili za kuchoka ni zipi?

Za mwanzo ni za kimya, ndiyo maana zinapita bila mtu kuziona. Mtoto aliyekuwa akikutazama usoni anageuza macho pembeni. Anakodolea sehemu moja bila kupepesa. Kope zinalegea, miguu iliyokuwa ikipiga teke inatulia. Vitabu hutaja pia wekundu kwenye nyusi, lakini kwa mtoto mweusi hauonekani vizuri, usiutegemee. Ukiona macho yamepoteza mwelekeo, anza kumlaza hapo hapo.

Zinazofuata ni miayo, ngumi kukunjwa, mikono na miguu kurushwa kwa mishtuko, uso kukunjamana na manung'uniko mafupi. Bado una dakika chache.

Kilio cha kujipinda mgongo nyuma ndiyo dalili ya mwisho. Nyumba nyingi hungoja kilio hicho ndipo zinasema mtoto ana usingizi, na wakati huo mwili wake umekwisha kusisimka, misuli imekaza, hata ziwa analisukuma. Usingoje pia afikiche macho: kichanga wa wiki chache bado hawezi kuupeleka mkono machoni kwa kukusudia.

Nitajuaje kama ni usingizi au njaa?

Mwenye njaa anatafuta: anageuza kichwa huku na huku mdomo ukiwa wazi, analamba midomo, ananyonya mkono. Mwenye usingizi anajitenga: hataki uso wa mtu, hataki sauti. Kumgusa shavu ili uone kama atageukia kidole hakukusaidii, kwa sababu katika wiki za mwanzo hata aliyeshiba hugeuka.

Hesabu pia muda. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kama amenyonya vizuri nusu saa iliyopita na sasa anakwepa macho yako, jaribu usingizi. Kama saa mbili zimepita, mpe ziwa. Ukishindwa kutofautisha, anza na ziwa. Akisinzia akinyonya, hakuna kilichoharibika.

Anaweza kukaa macho kwa muda gani?

Mwezi wa kwanza, dakika 45 hadi saa moja. Akifikia miezi miwili mitatu, saa moja hadi saa moja na nusu, wengine zaidi kidogo. Muda huo unahesabiwa tangu alipofumbua macho, ukiwa pamoja na kunyonya, kucheulishwa na kubadilishwa nepi. Ukitoa nusu saa ya kunyonya na dakika kumi za nepi, kinachobaki ni kidogo mno. Ndiyo maana mtoto aliyepokezanwa mikononi na wageni alasiri nzima hulia jioni bila sababu inayoonekana. Wageni wana nia njema, lakini mama ana haki ya kumchukua mwanawe na kusema, "Sasa analala." Asionewe vibaya.

Nimlazeje, hatua kwa hatua?

Mpeleke mahali penye mwanga hafifu, mbali na redio na televisheni. Giza totoro halihitajiki mchana. Angalia nepi. Mcheulishe akiwa wima begani kwa dakika chache kama ametoka kunyonya. Kisha mshike karibu na kifua na umbembeleze kwa mwendo mmoja usiobadilika: kuyumba taratibu, au kumpiga matakoni kwa kiganja kilicholegea, kwa mapigo ya polepole. Sauti iwe moja: "shhh" ndefu, au wimbo uleule wa kubembeleza. Kubadilisha mbinu kila nusu dakika ndiko kunakoharibu zaidi. Mlezi anahangaika, anamgeuza, anampa kijiko acheze, anawasha wimbo wa simu, na kila kitu kipya kinamwamsha mtoto upya. Shika mbinu moja angalau dakika tano kabla ya kuiacha.

Analala mikononi, nikimweka tu anaamka. Kwa nini?

Kwa sababu kichanga huanza na usingizi mwepesi. Kwa dakika kama 20 za mwanzo macho yanacheza chini ya kope, anatabasamu, anakunja uso, anapumua bila mpangilio. Ukimweka wakati huo, kichwa kikishuka ghafla, mikono inaruka pande zote na anashtuka. Ngoja pumzi ziwe za mfululizo, kisha inua mkono wake kidogo na uuachie. Ukianguka mlegevu, yuko tayari.

Mshushe ukiwa umemkumbatia kifuani. Tanguliza matako, ufuate mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Kiganja kibaki kifuani pake dakika moja mbili, kisha kiondoe polepole. Na akiguna au kujinyoosha katikati ya usingizi, subiri kidogo kabla ya kumnyanyua. Mizunguko ya usingizi wake ni mifupi, huenda akaendelea kulala mwenyewe.

Kumfunga kwa kanga kunasaidia?

Kunapunguza mishtuko ya mikono, kwa masharti. Tumia kanga moja nyepesi ya pamba, iishie chini ya mabega. Kifuani kiganja chako kiweze kupita kati ya kanga na mwili. Miguu iachwe huru, ikunjike na kupanuka, kwa sababu kuinyoosha na kuikaza huweza kuharibu nyonga. Aliyefungwa alazwe chali tu, na akianza kujaribu kujigeuza, kanga iachwe kabisa.

Alale vipi, na wapi?

Chali, kila usingizi, mchana na usiku. Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilianza kampeni za kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hofu kwamba atapaliwa akicheua inaeleweka, lakini akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa hayaingii kirahisi mapafuni.

Godoro liwe gumu na bapa, bila mto, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa, bila blanketi zito wala nguo zilizolundikwa. Sofa ni hatari, hasa mtu mzima akisinzia naye hapo. Chandarua kiwe kimenyooka, kisimguse. Kanda za joto kama Dar es Salaam na Mombasa kosa kubwa ni kumvalisha kupita kiasi: gusa kifua au kisogo, pakiwa na jasho punguza nguo, na kofia ivuliwe ndani. Mikono na miguu kuwa baridi kidogo ni kawaida. Mahali pa baridi mwongezee nguo moja zaidi ya unazovaa wewe, lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe. Gesi yake ya sumu isiyo na harufu huua watu wakiwa wamelala.

Mama mkwe anasema nikimbeba sana atazoea mikono.

Katika miezi mitatu ya kwanza hapana. Hajafikia umri wa kukuzoea kwa hila, na kubebwa kunamtuliza kweli. Ukimfunga mbelekoni kifuani, uso wake uonekane, pua iwe wazi, na kidevu kisilale kifuani.

Amepitiliza, analia nusu saa. Nifanyeje?

Kilio cha vichanga hupanda hadi kilele karibu wiki ya 6, hasa jioni, kisha hupungua kuelekea miezi mitatu minne. Mweke ngozi kwa ngozi, zima taa, mpe ziwa tena, tembea naye polepole. Ukihisi hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, mwite mtu akupokee. Usimtikise hata mara moja. Ubongo wake unaweza kuvuja damu. Usimpe dawa ya mafua ili alale, wala asali.

Usingizi gani si wa kawaida?

Ule unaomfanya akose kunyonya. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, mwamshe zikifika saa tatu bila kunyonya. Mvue nguo, msugue nyayo, mkamulie matone mdomoni.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, akishindwa kunyonya au akilegea na haamki hata ukimsugua, akipata degedege, joto likiwa 37.5 au zaidi ama chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mara 50 au zaidi akiwa ametimiza miezi miwili (hesabu dakika nzima, rudia), kifua kikibonyea ndani, midomo ikiwa ya bluu, au viganja na nyayo vikiwa vya njano. Njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike mgongo, na uendelee kumnyonyesha kama anameza.