Elimu kwa Umma: Hakuna "Mali ya Mjerumani" Chini ya Boma, na Kufukua Bila Leseni ni Kosa

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Dar es Salaam kuhusu watu wanaofukua maboma, makaburi ya zamani na magofu ya pwani yamezidi, na mengi hutufikia shimo likiwa limeshachimbwa. Maswali ni yale yale, kuhusu dhahabu na fedha zinazodaiwa kuzikwa na Wajerumani chini ya maboma, yaani majengo yao ya utawala na ngome, kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa pamoja.

Wengi wanaotupigia simu hawana nia mbaya. Mtu amerithi shamba, jirani kamwambia lile jiwe lenye msalaba chini ya mwembe ni alama ya Mjerumani, kisha akaletewa "mtaalamu" mwenye mashine ya kupimia madini, na mashine ikalia. Sasa anauliza aanzie wapi kuomba kibali cha kutoa mali. Kibali cha namna hiyo hakipo. Hakitolewi na Idara ya Mambo ya Kale, hakitolewi na wilaya, na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri si kibali hata ingekuwa na mihuri mitatu.

Tuanze na hilo jiwe. Jiwe au zege lenye msalaba, pembetatu au namba, mara nyingi ni bikoni ya wapima ardhi. Wajerumani walipima nchi hii, Waingereza wakaendelea, na baadhi ya alama hizo bado zinatumika. Kuing'oa ni kosa linalojitegemea, hata kama hukukuta kitu chini yake. Na mashine kulia haithibitishi chochote. Italia ikikuta msumari, italia ikikuta kopo la samaki.

Hadithi yenyewe ina mbegu ya kweli, na ndiyo maana haifi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Uingereza zilifunga pwani yetu, fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Mwaka 1916 serikali ya Wajerumani ikageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Ilitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika mkoa ambao leo ni Singida, kupiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na chini yake herufi T ya Tabora. Upande wa pili una tai wa dola. Uzito wake ni gramu 7 na ushei, na dhahabu halisi ni robo tatu tu ya uzito huo. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000. Ukizikusanya zote zilizowahi kutengenezwa, hazifiki kilo 120, na nyingi ziliingia mikononi mwa watu, kisha mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu duniani. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Sasa mtu anatuambia kuna "makontena ya dhahabu" chini ya boma la wilaya yake. Ya kutoka wapi?

Watasema walizika walipokuwa wanakimbia. Ni vyema tukumbuke walivyokimbia. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa, lilirudi nyuma kwenda kusini likila chakula cha wakulima, likavuka Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji, na likaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa, na walikufa kwa njaa na maradhi kwa idadi ya kutisha. Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe, ilifuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Kariakoo yetu ilipata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa upande wa pili, wa Waingereza. Haya ndiyo tungependa watu watuulize. Badala yake tunaulizwa dhahabu.

Utajiri uliotoka hapa ulitoka mchana kweupe, kwa hesabu na stakabadhi. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Mkonge uliingizwa 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikafika ikiwa hai, na baadaye marobota yakawa yanapakiwa melini Tanga. Pamba ya kulazimishwa ni moja ya sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Hata walipochimba ardhi kweli, hawakuficha: kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilichimbwa Tendaguru, zikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa dinosaria hao amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Majalada ya utawala huo yapo katika Kumbukumbu za Taifa hapa hapa Dar es Salaam. Anayetaka ramani ya Mjerumani akaombe kuzisoma huko, kwa utaratibu wa wasomaji, bila jembe.

Kuhusu watalii. Mjukuu wa Mjerumani anaweza kuja na picha ya babu yake na ramani ya zamani, akazunguka boma, akapiga picha, akaondoka. Kesho yake usiku shimo linachimbwa pale aliposimama. Tumeliona hili zaidi ya mara moja na, kwa kweli, linachosha.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Inalinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940, jambo ambalo wauza milango wa mjini hawapendi kulisikia. Wajanja hutumia mwaka huo 1863 kusema kwamba Mjerumani alikuja baadaye, kwa hiyo boma lake halimo. Wanasahau kwamba Waziri ana mamlaka ya kutangaza jengo au eneo lolote kuwa la kulindwa kupitia Gazeti la Serikali, na maboma kadhaa yameshatangazwa. Na shimo haliulizi tarehe. Ukichimba kumtafuta Mjerumani utapita kwanza kwenye tabaka la watu waliokutangulia kwa karne nyingi.

Mfano upo Kunduchi. Makaburi ya nguzo ya pale yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China zilizopachikwa kwenye chokaa. Ukisogea karibu na nguzo utaona duara tupu, lenye kingo zilizokwanguliwa kwa patasi, pale bakuli lilipokuwa. Bakuli lililobanduliwa hivyo huvunjika, na vipande havina bei.

Leseni ya kuchimba mambo ya kale hutolewa na Mkurugenzi wa Mambo ya Kale kwa watafiti. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kimoja hakisimami badala ya kingine. Vyote viwili baadaye hupelekwa mkoani, wilayani na kijijini, na kijiji kina haki ya kuomba kuviona kabla ya jembe kugusa ardhi. Kuchimba bila leseni, kuharibu, kuuza au kusafirisha nje bila kibali ni makosa yenye adhabu ya faini au kifungo. Kufukua makaburi kunaangukia pia Kanuni ya Adhabu, na kuchukua fedha za watu kwa ahadi ya mali iliyozikwa ni kujipatia fedha kwa udanganyifu. Dhahabu, kwa upande wake, ina Sheria ya Madini. Mtu mmoja anaweza kushtakiwa kwa yote hayo kwa shimo moja.

Ukikuta kitu cha kale wakati unalima au unachimba msingi, kiache kilipo. Usikioshe, usikisugue kwa mchanga. Kipige picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, kiberiti kinatosha. Toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, afisa utamaduni wa halmashauri, ofisi ya Mkuu wa Wilaya au makumbusho iliyo karibu, na uombe jina la aliyepokea. Ikiwa ni risasi au bomu, usikiguse kabisa, ita polisi.

Mwisho, rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari ndani ya sanduku la bibi. Ni ya familia, itunzeni. Haina zebaki ndani yake, hata matapeli wakisema inayo. Zilipigwa nyingi mno kuwa na bei ya nyumba, na msimlipe mtu yeyote "ada ya kuipima". Mkitaka kujua ni ya mwaka gani, mwaka umeandikwa kwenye sarafu yenyewe.