Ruta si fahali

Nikimwambia mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, aongeze ruta ya pili ili waifai ifike vyumba vya uani, jibu huja kabla sijamaliza: "Fundi, mafahali wawili hawakai zizi moja." Juzi nimeambiwa tena, na aliyesema ni kijana anayeuza ruta dukani. Mzee wa nyumba namwelewa. Muuza ruta simsamehe.

Ruta mbili zinakaa nyumba moja, tena vizuri tu. Kinachogombana ni mipangilio zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Nakubali imani hii ina chanzo: watu walinunua ruta ya pili, wakachomeka waya, na usiku uleule intaneti ikaanza kuja na kuondoka. Walichokiona ni kweli kabisa. Sababu waliyoipa ndiyo siyo.

Ruta nyingi za nyumbani hutoka na anwani, yaani namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni, ya 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hizo ni anwani za matumizi ya ndani. Waraka wa RFC 1918, mmoja wa nyaraka za taratibu za intaneti, wa Februari 1996, ulitenga mafungu matatu: yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na ya 192.168. Hazipiti kwenye intaneti ya nje, kwa hiyo nyumba ya Chumbageni na nyumba ya Mombasa zinaweza zote kuwa na 192.168.1.1 na pasitokee kesi. Kesi huanza anwani hiyo ikiwa mara mbili chini ya paa moja. Simu ikitaka kutoka nje huuliza mtandao mzima: nani mwenye 192.168.1.1? Zinajibu mbili. Simu inashika jibu moja, baadaye inauliza tena na pengine inashika la pili. Ikishika ruta yenye laini, WhatsApp inaingia. Ikishika ile nyingine, alama ya waifai imejaa pomoni na hakuna kinachofunguka. Umeme ukikatika na kurudi, ruta zinaamka kila moja kwa mwendo wake na bahati nasibu inachezwa upya. Ndiyo maana mteja anaapa kwamba jana ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa!

Hilo la anwani watu hulielewa haraka. Linaloniudhi ni DHCP, ile huduma ndani ya ruta inayogawia vifaa anwani, kwa sababu wengi hubadilisha anwani, wakaiacha DHCP inawaka kwenye ruta zote mbili, halafu wakanirudia na fahali wao.

Simu ikiingia kwenye waifai hupiga ukelele kwa wote: nipeni anwani. Kila DHCP iliyosikia hujibu, na kwa kawaida simu huchukua jibu la kwanza kufika. Jibu hilo halibebi anwani peke yake, linabeba pia geti, yaani ruta ya kupitia kutoka nje. Ruta ya pili hujitaja yenyewe kuwa ndiyo geti, wakati haina pa kumpeleka mtu. Kisha anwani hutolewa kwa muda maalumu, na nusu ya muda ikifika simu huomba kuongezewa kwa yuleyule aliyeitoa. Kwa hiyo simu iliyokosea mwanzo huendelea kukosea kwa utulivu mkubwa, huku simu ya mama, iliyobahatika kujibiwa na ruta ya kwanza, inacheza video pembeni yake. Nyumba nzima inahukumu kwamba simu ni mbovu. Nimekuta watu wameshaipeleka kwa fundi simu, na fundi simu ameshaipiga fleshi.

Utatuzi wenyewe ni mfupi. Usiunganishe ruta mbili kwanza. Chomeka kompyuta kwenye ruta ya pili peke yake, ingia kwa brauza, badilisha anwani ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani ya nyumba, iwe 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1, weka barakoa (subnet mask) ileile ya 255.255.255.0, hifadhi. Ingia tena kwa anwani mpya, zima DHCP, hifadhi. Hakikisha 192.168.1.2 haimo kwenye fungu linalogawiwa na ruta ya kwanza. Fungu la 100 hadi 199 linatosha nyumba yoyote. Kisha waya utoke tundu la LAN la ruta ya kwanza uingie tundu la LAN la ruta ya pili. LAN kwa LAN. Tundu la WAN, lile la kupokea intaneti ya nje, liache wazi, hata kama rangi yake inakuita.

DHCP ikishazimwa, ruta ya pili haigawi tena anwani, kwa hiyo ukiiunganisha na kompyuta peke yake, kompyuta itajipa anwani inayoanza na 169.254 na ukurasa hautafunguka. Hapo mtu hushtuka, anasema ruta imekufa, anabonyeza kitufe cha kuriseti kwa kijiti cha meno, na mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Haijafa. Ipe kompyuta anwani kwa mkono, 192.168.1.50, utaingia. Na anwani mpya iandike kwenye plasta ubandike chini ya ruta.

Muda wa kukaa na anwani? Saa 24 zinafaa nyumba ya kawaida. Kwenye nyumba ya wageni, simu yaja leo yaondoka leo kama tusemavyo Tanga, ila anwani iliyopewa haiondoki nayo, inabaki imeshikwa mpaka muda uishe. Huko naweka saa mbili.

Jina la waifai ndilo linalonitatiza mpaka leo. Vitabu vinasema zipe ruta zote jina moja na neno la siri moja, simu itahama yenyewe ukitembea. Kwenye nyumba ndefu za hapa, ukumbi mbele, vyumba pande zote, ua nyuma, nimeona simu zinang'ang'ania ruta ya barazani hata ukiwa jikoni umekaa juu ya ile nyingine. Uamuzi wa kuhama ni wa simu. Nyumba nyingine naweka jina moja, nyingine naweka "Mbele" na "Uani", na siwezi kukupa kanuni. Chaneli, yaani njia za mawimbi ya waifai, walau hazina utata: kwenye masafa ya 2.4 GHz ruta moja iwe 1, nyingine 6 au 11.

Zipo ruta za mitandao ya simu zilizofungwa, hazikupi hata ukurasa wa kuzima DHCP. Ikiwa hiyo ndiyo uliyotaka iwe ya pili, ibadilishe nafasi, iwe ya kwanza. Ikiwa zote mbili zimefungwa hivyo, tumia tundu la WAN la ya pili kama inalo, na ombea LAN yake iwe fungu tofauti, mfano 192.168.8.1. Intaneti utapata, ila walio mbele hawataona vifaa vya uani. Printa iweke mbele.