Kabla Familia Haijatoa Fedha kwa Utafiti wa Magonjwa ya Akili

Familia tajiri zinazofadhili utafiti wa akili mara nyingi zina mgonjwa nyumbani. Ukarimu wao unaanzia hapo, na makosa pia. Mzazi anataka dawa ya mwanawe, na anaitaka upesi.

Mfano wa mtu aliyevumilia ni Ted Stanley, mfanyabiashara wa Marekani ambaye mwanawe aliugua bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mwaka 2007 familia yake ilitoa dola milioni 100, kikaanzishwa Kituo cha Stanley ndani ya Broad Institute, taasisi ya utafiti wa jeni huko Massachusetts. Mwaka 2014 akaahidi nyingine milioni 650. Kazi kubwa ya kituo hicho ilikuwa kukusanya na kusoma DNA, kazi isiyo na mvuto wa picha za uzinduzi. Lakini katika magonjwa haya karibu kila jeni ina athari ndogo mno; ukipima watu 2,000 huoni kitu, au unaona kisichokuwepo. Ugunduzi wa mwaka 2016 kuhusu jeni iitwayo C4 na skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) ulihitaji taarifa za watu wapatao 65,000, pamoja na sampuli za ubongo karibu 700 za waliokwisha kufa. Na bado hiyo haikuwa dawa, ilikuwa mahali pa kuanzia kuitafuta.

Si lazima uwe na mamilioni. Serikali huwaomba watafiti matokeo ya awali kabla ya kuwapa ruzuku, na kijana asiye na fedha hawezi kuyapata. Pengo hilo ndilo Brain & Behavior Research Foundation, shirika la hisani la Marekani, imekuwa ikiliziba tangu 1987: mtafiti chipukizi hupewa hadi dola 70,000 kwa miaka miwili. Zinatosha kumlipa msaidizi na kununua vifaa vya maabara. Jaribio la dawa kwa wagonjwa halifanyiki kwa kiasi hicho, na anayeahidi hivyo usimwamini.

Sasa hesabu. Wakfu binafsi, yaani mfuko wa hisani wa familia, nchini Marekani hutakiwa kutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Ukitaka kutoa milioni 1 kwa mwaka bila kula mtaji, unahitaji mfuko wa milioni 20. Soko likianguka mwaka wa tatu, ruzuku nayo inapungua wakati maabara imeshaajiri watu, kwa hiyo tenga fedha zote siku ya kusaini. Muda uwe miaka mitano, kwa sababu kibali cha maadili, ajira na kuandikisha washiriki vinaweza kumeza mwaka mzima wa kwanza. Chuo kitadai pia gharama za uendeshaji. Usizikatae zote: umeme, wahasibu na usalama wa data havijilipi.

Malipo ya awamu yafuate kazi inayohesabika, kama idadi ya washiriki walioandikishwa au sampuli zilizochambuliwa. Ukilipa kwa kufuata majibu mazuri, majibu mazuri yatapatikana tu, yawepo yasiwepo. Andika kwenye mkataba kwamba matokeo hasi yatachapishwa, na kwamba data itawekwa wazi kwa watafiti wengine kwa tarehe iliyotajwa, majina ya washiriki yakiwa yameondolewa.

Familia ichague ugonjwa, lakini isichague mshindi. Kazi hiyo iwe ya wataalamu wasio na maslahi kwa mwombaji yeyote. Jambo gumu zaidi kulisema mezani ni hili: daktari anayemtibu ndugu yenu asiwe mpokeaji wa ruzuku yenu. Atashindwa kuwaambia kwamba tiba haifanyi kazi, nanyi mtashindwa kumhamisha mgonjwa.

Kuna kifungu kimoja ambacho karibu kila mara husahaulika: nani atalipia friji za sampuli baada ya mfadhili kufariki? Tishu za ubongo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Taja kwa jina taasisi itakayozirithi, na weka fungu la matunzo yake kando ya ruzuku yenyewe, maana warithi wana haki ya kupenda mambo mengine.