Kumfundisha mtoto safari ya Mwezini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwezi uko karibu tu na Dunia.
Mpe mtoto mpira wa miguu namba 5 (kipenyo sentimita 22) uwe Dunia, na mpira wa tenisi uwe Mwezi, kisha mwambie auweke Mwezi mahali pake. Wengi huuweka hatua moja tu. Mahali pake ni mita 6 na sentimita 60 hivi, maana Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400, sawa na Dunia 30 zikipangwa mstari mmoja. Picha za vitabuni hubana vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, na mtoto huziamini. Pima kwa futi kamba, usikadirie. Hapo ataona kwa nini Apollo 11, safari ya Marekani iliyofikisha watu Mwezini kwa mara ya kwanza, iliruka tarehe 16 Julai 1969 ikatua tarehe 20.

Dhana: Wanaanga huelea kwa sababu angani hakuna mvutano.
Hii ndiyo sugu kuliko zote, na hata darasani inafundishwa. Kituo cha Anga cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi juu yetu. Kwenye mpira wetu ni milimita 7 tu. Huko mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa ikiwafanya waizunguke Dunia badala ya kuigonga.

Onyesha kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Toboa kwa msumari tundu la milimita 3, sentimita 3 juu ya kitako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, acha kifuniko kando. Mtu mzima aiinue juu kabisa, atoe kidole maji yaruke, kisha aiachie idondokee kwenye karai. Ikiwa hewani, maji hukatika: chupa na maji vinaanguka kwa kasi moja, hakuna kinachokisukuma kingine. Ukisahau kifuniko mdomoni, maji yatagoma kutoka tangu mwanzo kwa sababu hewa haiingii, na jaribio litaharibika. Anguko halifiki sekunde moja, kwa hiyo lirekodi kwa simu, kisha litazameni polepole.

Dhana: Mwezini hakuna mvutano kabisa.
Upo, sehemu moja ya sita ya wa hapa. Mizani ya springi inayosoma kilo 30 kwa mtoto hapa, kule ingesoma 5.

Dhana: Bendera ya Marekani ilipepea Mwezini, basi kulikuwa na upepo.
Ilishikiliwa na fimbo ya mlalo upande wa juu. Ilitikisika walipoichomeka, na bila hewa ya kuizuia ilichelewa kutulia.

Dhana: Wanaanga wote watatu wa Apollo 11 walikanyaga Mwezi.
Ni Neil Armstrong na Buzz Aldrin tu, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi nje ya chombo, wakakusanya kilo 21.5 za mawe na udongo. Michael Collins alibaki akiuzunguka Mwezi ndani ya chombo kikuu, Columbia. Mtajeni kwa uzito wake: chombo cha kutua Mwezini hakikuwa na ngao ya joto, kisingeweza kupenya angahewa ya Dunia. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa Columbia peke yake.