Maji ya Turasha: nani apunguze kwanza?

Mto Turasha, nchini Kenya, huteremka kutoka Nyandarua na kuungana na Malewa, mto mkubwa kuliko yote inayolisha Ziwa Naivasha. Lakini sehemu ya maji yake huzuiwa bwawani na kupelekwa kwa bomba hadi Gilgil na Nakuru. Kwa hiyo mpangaji wa Nakuru anayejaza mtungi asubuhi anagawana mto na mkulima wa viazi na kabeji kule juu, na pia na mashamba ya maua ya Naivasha.

Wakulima hulalamika kwamba mji unapendelewa. Kisheria ni kweli. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Kabla ya kibali chochote kuna pia akiba: maji yanayobaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe.

Ila maji ya nyumbani si sawa na maji ya mji. Bomba linaloleta maji ya kupikia ugali ndilo linaloosha magari, kunyweshea nyasi za hoteli na kuendesha viwanda. Wenye matumizi hayo hawana kipaumbele hicho, na wakati wa kiangazi sioni kwa nini mkulima azime pampu kabla yao.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mjini hawalifikirii sana. Maji yakimwagiliwa shambani kando ya Malewa, yanayozidi huweza kunywea ardhini na kurudi mtoni. Yakifika Nakuru, hayarudi tena: majitaka ya mji husafishwa na kuelekezwa Ziwa Nakuru, bonde jingine kabisa. Bonde la Naivasha limeyapoteza moja kwa moja. Ndiyo maana bomba linalovuja mjini linamhusu hata mkulima wa Ol Kalou, kule Nyandarua.

Mbona basi Nakuru isitegemee visima vyake? Visima vingi vya eneo hili vina floraidi nyingi, ile inayofanya meno kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya mto husaidia kuipunguza yakichanganywa na ya visima. Bwawa la Itare, lililotarajiwa kuleta maji kutoka msitu wa Mau, lilikwama 2018. Hata hilo lingechukua maji ya bonde la wengine, na wenyeji wa huko walilipinga.

Naivasha iliwahi kupata somo gumu. Ukame wa 2009 ulishusha ziwa vibaya, na baadaye watumiaji na mamlaka wakakubaliana mpango wa rangi: kijani, kila mtu achote kulingana na kibali chake, njano, wapunguze, nyekundu, wabane zaidi. Uzuri wake ni kwamba kanuni iliandikwa kabla ya ugomvi. Wenye mashamba ya chini walichangia pia vocha za pembejeo kwa wakulima wa juu waliopanda miti na nyasi za kuzuia mmomonyoko.

Tatizo ni kwamba rangi hizo hufuata kina cha ziwa. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, na ziwa huweza kuwa limejaa ilhali kijito kinakauka mwezi wa Februari. Kwa Turasha, kipimo kinachofaa ni mtiririko wa mto wenyewe, usomwe mara kwa mara na utangazwe kwa jumuiya ya watumiaji maji na kwa kampuni ya maji ya mji, wote siku hiyohiyo.

Mkulima naye avune maji ya masika kwenye kidimbwi chenye turubai la plastiki, ili Januari asitegemee mto. Na akumbuke: kuteka kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali, bali akiweka pampu ya kumwagilia shamba, kibali kinahitajika, hata kama shamba lake linapakana na mto. Maombi hupelekwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na jumuiya ya watumiaji ya eneo lake inaweza kumwelekeza.