Kukimbia vilimani na msituni Uingereza: maswali kuhusu kupe, vifundo vya miguu na baridi

Kusini mwa London, safari ya treni isiyozidi saa moja, kuna vilima vya Surrey. Box Hill iko juu ya mji wa Dorking, Leith Hill iko ng'ambo ya bonde, na njia ndefu ya North Downs hukata misitu kutoka Farnham hadi Dover. Aliyechoka kukimbia kwenye lami hapati mahali pazuri kuliko hapo. Lakini msitu una mambo yake, na mengine humhusu zaidi mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki kuliko jirani yake Mwingereza.

Nimezoea kukimbia barabarani. Vilima hivi vitanimaliza pumzi?

Kwa urefu ni vidogo. Leith Hill ina mita 294, wakati katikati ya Nairobi iko juu ya mita 1,600. Hewa haipungui kiasi cha kuhisi. Kinachochosha ni ukali wa mwinuko, na dawa yake ni kutembea. Hata wakimbiaji hodari hutembea panapokuwa pakali sana, wala hakuna aibu. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, au aliyekaa miaka bila mazoezi, aonane kwanza na GP wake, yaani daktari wa mtaani aliyejiandikisha kwake. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusikoeleweka ni sababu ya kusimama hapo hapo, na maumivu yasipoachia piga 999, namba ya dharura.

Kupanda ndiko kulikonichosha, mbona mapaja yanauma baada ya kushuka?

Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: unajikaza huku ukivutwa urefuke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za msuli zaidi kuliko kupanda. Maumivu huanza siku ya pili, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa yenyewe. Msuli hujifunza haraka: ukirudi kwenye mteremko ule ule baada ya wiki moja au mbili, utauma kidogo sana. Kwa hiyo anza na miteremko mifupi, piga hatua fupi na za haraka, na usijirushe mbele.

Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia au chai ya rangi baada ya mbio nzito, hayo si maumivu ya kawaida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeteguka kifundo cha mguu. Mama ananiambia nikikande kwa maji ya moto.

Mwambie mama asubiri kidogo. Siku mbili tatu za mwanzo joto na kukanda huongeza damu kwenye sehemu iliyoumia, na uvimbe huzidi. Tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isigusane na ngozi, kwa muda usiozidi dakika 20, kila baada ya saa mbili au tatu. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto, acha pombe. Uvimbe ukishaanza kushuka, maji ya uvuguvugu hayana ubaya, na hapo ndipo uanze kukizungusha kifundo taratibu, maana kukilaza wiki nzima hukifanya kikakamae.

Kama huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, au mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza, pigwa picha ya eksirei.

Mahali pa kuteguka panajulikana. Udongo wa chaki wa Box Hill huteleza vibaya mvua ikinyesha, mawe makali ya gumegume hujitokeza njiani, na kuanzia Oktoba majani yaliyoanguka hufunika mizizi. Viatu vyenye meno chini husaidia, lakini macho husaidia zaidi: tazama hatua nne tano mbele, si vidole vyako.

Kwetu kupe ni shida ya ng'ombe. Kupe wa Uingereza ananihusu nini?

Anakuhusu sana, na ningependa swali hili lisomwe kuliko mengine yote.

Kupe wa misitu ya Uingereza huishi kwenye nyasi ndefu, kangaga na majani makavu, hasa kunakopita paa na kulungu. Haruki wala harushwi na upepo. Hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele, na kusubiri mguu wako upite. Kupe mchanga, ambaye ndiye huwauma watu zaidi, ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na mate yake hutia ganzi, kwa hiyo husikii chochote. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Machi hadi Oktoba, ingawa siku ya baridi yenye jua la uvuguvugu anaweza kutoka pia. New Forest, South Downs, Exmoor na msitu wa Thetford ni miongoni mwa maeneo yenye hatari kubwa zaidi, lakini anaweza kupatikana hata kwenye bustani za mjini.

Kupe wengi hawana ugonjwa. Wachache wanabeba bakteria wa jamii ya Borrelia, wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Jamii hiyo si ngeni kwetu. Homa ya papasi, ambayo wazee wa Tanzania na Kongo wanaijua kutokana na papasi waliojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, huletwa na ndugu wa bakteria huyo. Jina lake la kitaalamu, Borrelia duttonii, limetokana na Joseph Everett Dutton, daktari wa Kiingereza aliyeichunguza homa hiyo huko Kongo, akaipata mwenyewe, akafa Kasongo mwaka 1905. Tofauti ni kwamba papasi huuma usiku mtu akiwa amelala na kuondoka baada ya muda mfupi, ilhali kupe wa msituni hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa.

Kung'ang'ania huko ndiko kunakokupa nafasi. Kwa kawaida bakteria huhitaji saa nyingi kabla ya kuingia mwilini, kwa hiyo kupe aliyetolewa siku hiyo hiyo hupunguza hatari sana.

Nimtoeje?

Tumia kibano chenye ncha nyembamba, au kile kifaa maalumu cha kutolea kupe kinachouzwa kwenye maduka ya dawa. Mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kuelekea juu bila kumkamua, kisha osha kwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu. Usimpake mafuta ya taa wala vaselini, usimchome kwa kiberiti. Mambo hayo humchokoza atapike mate yake ndani yako. Andika tarehe na sehemu aliyokuuma, kwenye simu panatosha. Kama huna dalili yoyote, kwa kawaida daktari hatakupa dawa kwa sababu ya kuumwa tu, na yuko sahihi.

Jikague kila urudipo: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, chini ya matiti, kwenye mkanda wa suruali na pembezoni mwa nywele. Mwombe mwenzio aangalie mgongo. Anayekimbia kwa suruali ndefu, mikono mirefu na hijabu tayari ana kinga nzuri. Aongeze soksi ndefu juu ya suruali, nguo za rangi nyepesi ili kupe aonekane, na dawa ya kufukuza wadudu.

Wanasema litatokea duara jekundu. Kwenye ngozi nyeusi nitalionaje?

Hapa ndipo watu wetu wanapoachwa nyuma. Picha nyingi zinazosambazwa ni za ngozi nyeupe: duara jekundu lenye kitovu cheupe. Kwenye ngozi ya kahawia au nyeusi alama hiyo inaweza kuwa ya zambarau, ya kahawia iliyokolea, au kufanana na mahali palipovilia damu. Mara nyingi haina kitovu cheupe kabisa. Usitafute wekundu, tafuta doa linalopanuka. Kwa kawaida hutokea kati ya wiki moja na nne baada ya kuumwa, ingawa linaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Hukua siku hadi siku hadi kupita sentimita tano, na mara nyingi haliumi wala haliwashi. Pitisha mkono, pengine pana joto kidogo. Chora ukingo wake kwa kalamu, piga picha mchana dirishani, rudia kesho.

Wengine hawapati doa lolote. Wao hupata homa, uchovu mzito, kichwa na viungo kuuma. Uso ukilegea upande mmoja, usingoje.

Ukifika kwa GP, usiseme "nina upele" tu. Sema: nilikimbia msituni tarehe fulani, doa hili linakua, nina wasiwasi ni Lyme. Taja jina lenyewe. Doa likiwa wazi, mwongozo wa tiba wa Uingereza unaruhusu dawa zianze bila kungoja kipimo cha damu, kwa sababu wiki za mwanzo kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao. Dawa ya kawaida ni doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 21. Wajawazito na watoto wadogo hupewa nyingine. Maliza dozi.

Angalizo moja: kama una homa na umerudi karibuni kutoka nyumbani Afrika, malaria ipimwe kwanza, siku hiyo hiyo. Mwambie daktari safari yako hata asipouliza.

Nina selimundu. Naweza kukimbia huko?

Mwenye ugonjwa wenyewe azungumze na kliniki yake kabla, maana baridi, kukosa maji na kujichosha kupita kiasi ndivyo vinavyoamsha maumivu makali. Mwenye chembe ya kurithi tu, asiyeumwa, kwa kawaida hukimbia bila tatizo, lakini aongeze mazoezi pole pole, anywe maji, na asishindane na mlima siku ya kwanza. Misuli ikikakamaa na nguvu kuisha ghafla, asimame.

Mvua na baridi je?

Hatari huja unaposimama. Jasho na mvua kwenye fulana ya pamba hunyonya joto, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu huanza kutetemeka, kuburuta maneno na kuchanganyikiwa. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hali ni mbaya: piga 999. Mvue nguo zilizolowa, mfunike hadi kichwani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama yu macho. Usimsugue, usimpe pombe.

Na kwa kuwa jua la huko kuanzia Oktoba ni hafifu, NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inawashauri wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Kukimbia nje majira ya baridi hakuzibi pengo hilo.

Nikianguka peke yangu msituni?

Mwachie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi. Desemba giza huingia saa kumi jioni, na ndani ya miti mapema zaidi, kwa hiyo beba taa ya kichwani, filimbi, blanketi la karatasi ya fedha na simu yenye chaji. Kabla hujaondoka nyumbani tuma neno "register" kwenda 999 kisha fuata maelekezo. Ukishajiandikisha unaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale mtandao unapokuwa dhaifu mno kwa simu ya sauti. Ukipiga, omba polisi, uwaeleze umeumia porini, na wao ndio watakaoita kikosi cha uokoaji. Ishara ya filimbi ni milio sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia, na usiache hata ukisikia watu wanakujibu, mpaka wakufikie.