Nywila za lazima kwenye programu ya hesabu: ipi ni kero ya haki, ipi ni kinga ya duka

Wenye maduka ya jumla, famasia, gereji na karakana wanaotunza hesabu kwa QuickBooks, TallyPrime, Zoho Books na programu za aina hiyo wana lalamiko moja kubwa: programu haikubali kufunguka bila nywila. Kompyuta ni moja, ofisi ina kufuli, na wanaoigusa ni mwenye mali, mke wake na karani. Nywila ya nini? Kisha kila baada ya miezi mitatu inadai nywila mpya. Nyingine inataka namba ya uthibitisho, na namba hiyo imeingia kwenye simu ya bosi aliyeko Guangzhou kununua mzigo. Wateja wamejaa kaunta na ankara haitoki.

Humo ndani mna malalamiko mawili tofauti. La kubadilisha nywila kila siku 90 lina haki kabisa, na wataalamu wa usalama walishakubali hivyo miaka mingi iliyopita. La kutaka watu wote waingie kwa nywila moja, au bila nywila kabisa, hatuwezi kuliunga mkono, kwa sababu anayeumia zaidi pale jambo linapoharibika ni mfanyakazi mwaminifu.

Siku 90 zilitoka wapi

Kwa programu hizi sharti hilo limetoka hasa kwenye PCI DSS, kiwango cha usalama wa kadi za malipo ambacho kila anayehifadhi namba za kadi za wateja anatakiwa kukifuata. Kwa miaka mingi kilidai nywila isiyopungua vibonyezo 7, yenye herufi na tarakimu, ibadilishwe kila siku 90. QuickBooks ya kwenye kompyuta ilijengwa kufuata masharti hayo: ulinzi wa kadi za wateja ukiwashwa, msimamizi na kila anayeruhusiwa kuona namba za kadi analazimika kubadilisha. Toleo la 4.0 la kiwango hicho, la mwaka 2022, lilipandisha urefu hadi 12, na siku 90 zikabaki kwa mfumo ambao nywila ndiyo kinga yake pekee.

Ushauri wa jumla umegeuka. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo unaosema mtu asilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda; alazimishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Sababu inaonekana kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina wa mwaka 2010, uliopima akaunti zaidi ya 7,700 zilizokuwa chini ya sharti la kubadilisha. Aliyejua nywila ya zamani aliweza kuipata mpya kwa majaribio yasiyofika matano katika asilimia 17 ya akaunti. Hata bila utafiti, kila karani anajua kwamba baada ya Machi@2025 inakuja Juni@2025.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa chanzo. Duka linalolipwa taslimu, kwa simu na kwa benki halina kazi na namba za kadi za wateja. Pitia taarifa za wateja, futa namba zozote za kadi zilizoandikwa, kisha msimamizi azime ulinzi wa kadi kwenye menyu ya "Company" ya QuickBooks. Toleo lako likiendelea kudai nywila mpya hata baada ya hapo, badilisha maneno yote. Usiongeze tarakimu mwishoni.

Jina linaloandikwa kwenye kila muamala

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mteja amenunua saruji na nondo za shilingi 1,180,000, ndani yake VAT ni 180,000, akalipa taslimu. Muamala umeingizwa saa 9:10 alasiri. Saa 1:42 usiku mtu anaufungua tena, anashusha kiasi hadi 880,000 na kuhifadhi. Jioni ile droo inalingana na kompyuta, na 300,000 imeshatoka dukani. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, bado inasoma 1,180,000, hivyo wakati wa kuandaa ritani ya VAT duka litalipia kodi fedha ambayo halina.

Programu nzuri haisahau tendo hilo. Ndani ya QuickBooks ipo ripoti ya ukaguzi inayoonyesha kila muamala ulioguswa: tarehe na saa, kiasi cha awali, kiasi kipya, na jina la aliyeugusa. TallyPrime nayo ina toleo lenye kumbukumbu ya mabadiliko. Sasa, kama wote watatu wanaingia kwa jina la "Admin", safu ya jina itasomeka Admin, Admin, Admin, kuanzia juu hadi chini. Mwenye duka atakuwa na watu wa kuwashuku na hatakuwa na njia ya kumsafisha yeyote. Karani ambaye saa hiyo alikuwa kwenye daladala akirudi nyumbani hana cha kumtetea.

Njia nyingine ya wizi haigusi droo kabisa. Mtu anafungua taarifa za msambazaji, anabadilisha namba ya akaunti ya benki, na malipo ya mwezi ujao yanakwenda kusikojulikana. Duka linagundua pale msambazaji anapopiga simu kudai. Ukiongeza namba za NIDA na NSSF za wafanyakazi, mishahara yao, simu za wateja na madeni yao, faili hilo linabeba siri za watu wengi ambao hawakuwahi kuulizwa kama linafungwa au halifungwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayetunza taarifa za namna hiyo azilinde, na ukubwa wa biashara si kisingizio.

Kupanga watumiaji mara moja, vizuri

Kwenye QuickBooks ya kompyuta, fungua menyu ya "Company", kisha "Set Up Users and Passwords". Jina la msimamizi libaki la mwenye mali, litumike kwa mipangilio tu, lisitumike kuuza. Kila mtu apewe jina lake. Wakati wa kumpangia keshia, programu itauliza kama anaruhusiwa kubadilisha au kufuta miamala katika sehemu anazofanyia kazi, jibu hapana. Akikosea, mwenye mamlaka ndiye atakayerekebisha, na marekebisho yataonekana kwa jina lake. Swali linalofuata linahusu miamala ya kabla ya tarehe ya kufunga hesabu. Hapo pia hapana.

Tarehe hiyo ya kufunga wengi hawaitumii, na ni hasara. Ukishasuluhisha benki, yaani kulinganisha hesabu zako na taarifa ya benki, na kuwasilisha ritani ya mwezi, nenda kwenye mapendeleo ya uhasibu, weka tarehe ya mwisho ya mwezi huo pamoja na nywila yake ya pekee. Kuanzia hapo hakuna atakayegusa mwezi uliofungwa bila nywila hiyo. Bila kufanya hivyo, hesabu ulizompa mkaguzi Machi zinaweza kusoma tofauti Juni bila wewe kujua.

Kwa programu za mtandaoni tatizo ni gharama, na tunalielewa. QuickBooks Online ya daraja la chini inaruhusu mtumiaji 1, linalofuata 3, kisha 5. Ndiyo maana watu wanagawana jina moja. Kabla ya kununua, hesabu wanaoingiza miamala kila siku, usihesabu wanaotazama ripoti. Ripoti inaweza kutumwa kwa barua pepe kama PDF. Mhasibu wa nje hualikwa kwa anwani yake mwenyewe na hahesabiwi katika idadi hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa nywila ya bosi. Na kivinjari cha kompyuta ya kaunta kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukikubali, kila atakayekaa pale ataingia kama wewe.

Nywila isiyosahaulika na kibodi inayosaliti

Herufi ndogo 8 zilizochaguliwa ovyo zina michanganyiko ipatayo bilioni 209. Maneno manne yaliyochaguliwa kwa bahati kutoka orodha ya maneno 2,000 ya kawaida yana trilioni 16, na kichwa kinayashika kirahisi zaidi. Muhimu ni yachaguliwe kwa bahati: fungua kamusi bila kutazama, weka kidole, mara nne. Ukipata mfululizo kama kibatari, foleni, mdalasini, tisini, chora kichwani picha inayoyaunganisha, siku ya tatu utakuwa unayaandika bila kufikiri. (Haya ya hapa usiyatumie, yameshachapishwa.) Maneno ya methali au ya wimbo hayafai, maana anayebahatisha naye anayajua. Programu ikidai herufi kubwa na tarakimu, anza neno la kwanza kwa herufi kubwa na weka tarakimu moja katikati.

Epuka alama ya @. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa kwetu zimetoka Uingereza, na kwenye kibodi ya Uingereza alama ya @ na ile ya funga na fungua semi zimebadilishana nafasi ukilinganisha na ya Marekani. Windows ikiwekwa mpangilio wa Marekani, kitufe kilichochorwa @ kitaandika alama nyingine, na kwa kuwa nywila inaonekana kama nukta tu, mtu anaapa kwamba ameandika sawasawa. Anaijaribu hadi mfumo unamfungia. Kabla ya kulaumu programu, fungua Notepad na uandike alama hizo uone zinavyotokea. Angalia pia taa ya Caps Lock na ya Num Lock.

Bosi akiwa safarini

Namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS inategemea laini ipate mtandao, na nje ya nchi inachelewa au haifiki. Tena hilo linatokea pale tu watu wanapogawana jina la bosi; karani mwenye jina lake atapata namba kwenye simu yake. Kilicho bora kuliko SMS ni programu ya uthibitisho kwenye simu janja, inayotoa tarakimu 6 mpya kila sekunde 30 hata simu ikiwa haina bando. Inakokotoa kwa saa ya simu, kwa hiyo saa ikiwa imerekebishwa kwa mkono na kukosea dakika chache, kila namba itakataliwa. Weka saa ijipange yenyewe. Siku ya kuiwasha, mfumo mara nyingi hutoa namba za dharura za kutumika mara moja moja. Zichapishe, usizipige picha kwa simu ileile.

Nywila ikipotea

Hapa lazima ujue una nywila ya aina gani. Nywila ya msimamizi wa QuickBooks ya kompyuta inaweza kuwekwa upya kupitia mtengenezaji, ambaye atauliza namba ya leseni na anwani ya barua pepe iliyosajiliwa. Ndipo biashara nyingi zinapokwama: leseni imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyeifunga, au ya mhasibu aliyeondoka miaka mitatu iliyopita. Angalia leo imesajiliwa kwa nani, na uihamishie kwenye anwani ya biashara ungali na njia ya kuingia.

Nywila ya TallyVault kwenye TallyPrime ni jambo jingine. Hiyo husimba taarifa zenyewe, yaani huzigeuza zisisomeke bila nywila, jina la kampuni likaonekana kama nyota tu, na ukiisahau hakuna wa kukufungulia, hata mtengenezaji. Ni kinga nzuri sana kwa kompyuta inayobebwa, lakini usiiwashe kabla nywila haijaandikwa kwenye karatasi na karatasi kufungiwa mahali.

Ndiyo, kuandika kwenye karatasi kunaruhusiwa. Anayeiba kwa njia ya mtandao hafiki kwenye kasha lako la chuma. Kisichofaa ni kuibandika chini ya kibodi. Tumia bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi, yenye nywila ya msimamizi, namba ya leseni, barua pepe ya usajili na zile namba za dharura. Ikae na hati za biashara, na mtu mmoja wa kuaminika ajue ilipo, kwa sababu biashara nyingi zimesimama mwenyewe alipougua au kufariki.

Mfanyakazi akiondoka, zima jina lake siku hiyohiyo, usilifute, ili miamala yake ya nyuma iendelee kusoma jina lake. Zima pia njia yake ya kuingia kwenye barua pepe ya duka na kwenye programu ya kufikia kompyuta kwa mbali. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika.

Na kumbuka nakala za akiba. Nakala ya QuickBooks ikirejeshwa hufunguka kwa nywila iliyokuwa ikitumika siku ilipotengenezwa, si ya leo. Tanzania na Kenya zote zinataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5, kwa hiyo nakala ya miaka minne iliyopita inaweza kuhitajika wakati nywila yake hakuna anayeikumbuka. Kila unapobadilisha nywila ya msimamizi, acha ya zamani ndani ya bahasha, andika kando yake tarehe ilipoanza na ilipokoma, kisha chukua nakala moja ya zamani kutoka kwenye diski ya nje uirejeshe kwenye folda tofauti uone kama inafunguka.